Wakata Ncha

Mwaka 1868, katika jumba la mnada jijini London, miche kumi na miwili ya koliasi iliuzwa kwa gini 390. Gini moja ilikuwa shilingi 21 za Kiingereza, kwa hiyo jumla yake ni shilingi 8,190. Kibarua wa shamba Uingereza siku hizo alipata kati ya shilingi 12 na 15 kwa juma. Angefanya kazi zaidi ya miaka kumi, bila kula wala kuvaa, ndipo aimudu ile miche. Mimi nauza maua kando ya barabara itokayo Nairobi kwenda Limuru, na koliasi ndiyo ninayomwongezea mteja bure akinunua mawaridi. Kwa hiyo habari za mnada ule ziliniwasha. Mtu wa biashara hii akisikia bei kama ile hujiuliza mara moja: mnunuzi alikuwa anapiga hesabu gani?

Alikuwa anahesabu ncha. Koliasi haina haja ya mbegu. Shina lake lina pembe nne, kila kifundo kina majani mawili yanayotazamana, na kwenye kwapa la kila jani kuna jicho linalosubiri. Kata ncha, ichomeke penye udongo mwepesi wenye unyevu, na kama wiki mbili baadaye ina mizizi yake. Lile shina ulilolikata nalo linatoa ncha mbili mahali pa moja. Mwenye kitalu chenye joto akinunua mche mmoja wa rangi isiyopatikana kwa mwenzake, baada ya msimu ana mamia, na yote ni mwili ule ule mmoja. Gini zake zinarudi kabla jirani hajapata hata kipandikizi cha kuiba.

Aliyeikuza ile miche kumi na miwili aliitwa Bause, msimamizi katika bustani ya Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani huko Chiswick. Alichukua koliasi yenye jani la damu ya mzee, akaichanganya na koliasi nyingine zilizokuwa na madoa, mistari na kingo za kijani, akapanda mbegu zilizopatikana, akachagua. Mche mmoja ukapewa jina lake. Mingine mingi ikapewa majina ya mabwana wa Chama, ambao sidhani kama kuna aliyechafua kucha.

Koliasi ilikuwa imefikaje mikononi mwa Bause? Kwao ni kusini-mashariki mwa Asia, katika visiwa vya Indonesia na jirani zake, penye misitu yenye joto, mvua na mwanga unaochujwa na miti. Watu wa huko waliipanda karibu na nyumba, kwa uzuri na kwa dawa, zamani sana kabla Mzungu hajaiona. Mmoja wa watu wa kwanza kuiandika alikuwa Georg Eberhard Rumphius, mtumishi wa kampuni ya biashara ya Waholanzi katika kisiwa cha Ambon. Huyu naye ana kisa chake. Mwaka 1670 alipofuka. Mwaka 1674 tetemeko la ardhi likamuulia mke na binti. Mwaka 1687 moto ukateketeza michoro yake. Mwaka 1692 meli iliyobeba maandishi yake kwenda Ulaya ikazamishwa. Akaendelea kusema na wengine wakaendelea kuandika, mpaka akafa mwaka 1702, na kitabu chake kikaanza kuchapwa mwaka 1741. Ndani yake imo koliasi, kwa jina la huko huko Ambon. Linnaeus, yule Mswidi aliyejitwika kuvipa majina viumbe vyote, aliiweka mwaka 1763 pamoja na mrehani. Hakwenda mbali. Koliasi, mrehani na mnanaa ni ukoo mmoja. Shika mashina yao gizani, utazigusa zile pembe nne.

Kisha akaja Carl Ludwig Blume, aliyekaa Java tangu 1818 hadi 1826 na kusimamia bustani ya mimea ya Bogor. Mwingereza George Bentham akaupa mmea huo jina la Blume mwaka 1832. Lakini jina kwenye kitabu halipambi bustani ya mtu. Kilichotakiwa ni mmea ufike Ulaya ukiwa hai, na safari ya meli ya matanga kutoka Java ilikuwa ya miezi, yenye chumvi juu na maji matamu ya kugombania. Hapo ndipo anapoingia daktari mmoja wa mashariki mwa London, Nathaniel Ward. Mwaka 1829 alikuwa amefukia buu la nondo ndani ya chupa yenye udongo, akaona kangaga na nyasi vinaota humo bila kunyweshwa, kwa sababu maji yaliyopanda kama mvuke yaligonga kioo na kurudi chini. Mwaka 1833 alituma makasha ya vioo yenye mimea hadi Sydney, na mimea ikafika salama. Kuanzia hapo msitu wa mtu yeyote ungeweza kupakiwa melini. Katikati ya karne koliasi hai zilikuwa zimefika Uholanzi na Uingereza, na karibu mwaka 1860 mwenye kitalu wa Ghent, Ubelgiji, Ambroise Verschaffelt, akatoa sokoni ile ya damu ya mzee kutoka Java iliyobeba jina lake. Ndiyo mama wa miche ya Bause.

Sasa tuje kwenye kazi, maana hapo ndipo historia hii inaponigusa.

Serikali ya Uingereza ilifuta kodi ya vioo mwaka 1845. Kioo kikashuka bei, na matajiri wakajenga nyumba za vioo zilizopashwa moto kwa makaa ya mawe. Ndipo ukaja mtindo wa kuyapanda maua ya nchi za joto nje wakati wa miezi michache isiyo na baridi, kisha kuyaacha yafe. Koliasi ilifaa kuliko maua mengi kwa sababu rangi yake iko kwenye jani; haingoji kuchanua wala haipukutiki. Ila jalidi ya usiku mmoja inatosha kuigeuza uji mweusi. Kwa hiyo kila mwaka kazi ilianza upya. Mwisho wa majira ya joto vipandikizi vilikatwa na kuoteshwa. Majira yote ya baridi vilitunzwa ndani ya vioo. Machipuko yakija vilikatwa tena na tena ili vizae vingine. Mwezi wa sita vilitolewa nje kwa maelfu na kupandwa kwa kamba na vigingi.

Nani aliyefanya hivyo? Wavulana. Walianza kazi wakiwa wadogo, wakalala katika chumba kilichojengwa nyuma ya ukuta wa kaskazini wa bustani, upande usiopata jua, kwa sababu upande wa jua ulikuwa wa mimea. Usiku waliamka kwa zamu kuchochea tanuri la maji ya moto. Bwana alipotembeza wageni asubuhi, wavulana walitakiwa wasionekane. Babangu angewaelewa bila mkalimani.

Mwaka ule ule wa mnada, 1868, huko Cliveden kando ya mto Thames, mkuu wa bustani John Fleming aliandika herufi za kwanza za jina la bibi mwenye nyumba ardhini kwa mimea mifupi iliyobanana, na magazeti ya bustani yakaupa mtindo huo jina la zulia. Zulia likawa ugonjwa. Bustani za mji, stesheni za reli, viwanja vya hospitali, kila mahali kulichorwa saa, ngao na nyota kwa majani. Wamarekani wakaupokea, na huko New York Peter Henderson, mwuza mbegu na miche mashuhuri, alikuwa mmoja wa walioisambaza koliasi. Sharti la zulia lilikuwa moja: udongo usionekane. Mche mrefu mwembamba, wenye kichwa juu na miguu mitupu chini, uliharibu mchoro mzima. Kwa hiyo kidole gumba na kidole cha shahada vikawa vifaa vya kazi. Kila ncha iliyojitokeza ilifinywa. Huu unene tunaousifia koliasi, hata wateja wangu wakadhani ni tabia yake, haukutoka Java. Msituni koliasi hunyooka na kutafuta mwanga kama mmea mwingine wowote. Unene ni kazi ya mikono.

William Robinson, aliyekuwa mtunza bustani kabla ya kuwa mwandishi, aliuchukia mtindo wa zulia na kitabu chake cha mwaka 1870 kuhusu bustani ya mwitu kilianza kuung'oa. Nami namwelewa nusu. Kweli kuna ukichaa katika kuandika saa kwa majani elfu kumi ili yafe mwezi wa kumi. Lakini alipowacheka matajiri, sijui kama aliwatazama wavulana, maana ufundi ulikuwa wao. Mwishowe Vita vya Kwanza vya Dunia viliwachukua wavulana wenyewe, makaa yakapanda bei, na mazulia mengi yakageuzwa nyasi.

Kwa nini kukata ncha huleta unene? Wavulana walijua bila kuambiwa sababu. Wanasayansi walichelewa mpaka mwaka 1933, Kenneth Thimann na Folke Skoog walipoonyesha kwa maharagwe makubwa kwamba ncha hutengeneza kemikali iitwayo auksini, ambayo hushuka kwenye shina na kuyazuia macho ya chini yasiamke. Ukiiondoa ncha, macho yanaamka. Wakipaka auksini pale ncha ilipokatwa, macho yanalala tena. Baadaye, mwaka 1952, William Jacobs wa Chuo Kikuu cha Princeton aliijeruhi koliasi yenyewe. Alikata mshipa wa maji ndani ya shina na kuonyesha kwamba mmea huunda mshipa mpya kuzunguka kidonda kwa kutumia auksini inayotoka kwenye majani yaliyo juu ya kidonda hicho. Napenda kwamba alichagua koliasi. Kuna mimea michache iliyozoea kisu kama huu.

Babangu hakusoma habari za Thimann. Alisema tu, "Maitu, usiuhurumie. Ukiuhurumia utapata fimbo yenye kofia." Aliniita maitu, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mamake, kama ilivyo desturi yetu Kiambu. Babu alikuwa amefanya kazi ya bustani kabla yake, na kipande chake, yaani kitambulisho cha kazi, alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma, kama sheria ilivyowataka wanaume Waafrika kuanzia mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Baba alipoajiriwa Muthaiga, mtaa wa Wazungu wa Nairobi, baada ya vita vya Hitler, kikebe cha shingoni kilikuwa kimeondolewa. Jina la kazi halikuondolewa. Aliitwa shambaboi, na aliendelea kuitwa hivyo mpaka alipokuwa na wajukuu.

Walowezi walikuwa wamejipanga kwa bustani kama walivyojipanga kwa kahawa. Walikuwa na chama chao, na kitabu chao kikubwa, Gardening in East Africa, kilichohaririwa na daktari A. J. Jex-Blake, kilichapwa mara ya kwanza mwaka 1934, kikarudiwa mara kadhaa. Memsahibu wa baba alikuwa nacho. Kilikaa kwenye meza ya veranda, na kila wiki alimsomea baba maagizo kwa Kiswahili cha jikoni, naye baba akajibu "ndiyo memsahibu" na kwenda kufanya vile alivyoona inafaa. Hakuwa mkaidi. Kilichomsukuma ni jua. Mazulia ya Uingereza yalipandwa mahali peupe kwa sababu jua la kule ni pole, linakuja limelala. La kwetu, karibu na ikweta na juu ya mita 1,600, linashuka wima saa sita na kuchoma jani la koliasi mpaka linapauka kama kitambaa kilichofuliwa kwa magadi. Baba aliitoa kwenye uwanja wa mbele na kuipeleka chini ya mikima, ile miti ya kutoka Australia iliyopandwa kukinga kahawa, ambayo majani yake membamba huacha mwanga upite kwa madoa. Hapo ikapona, ikanona, na memsahibu akawaonyesha wageni kitalu chake cha kivulini. Kwa kufuata jua badala ya kitabu, baba alikuwa ameirudisha koliasi kwenye hali ya Java bila kuijua Java.

Karibu nayo alipanda ua lingine dogo lenye petali tano bapa na mkia mwembamba nyuma, ambalo wateja wangu huliita bizilizi. Nikiulizwa limetoka wapi, nasema kwetu, nao hucheka. Lakini ni kweli. Ni mmea wa mwitu wa misitu yenye unyevu ya Afrika ya Mashariki, kutoka huku kwetu hadi Msumbiji. Aliyeupeleka Ulaya ni Sir John Kirk, daktari Mskoti aliyefuatana na Livingstone Zambezi kisha akawa balozi wa Uingereza Zanzibar. Ni yuleyule aliyembana Sultani Barghash mpaka akatia saini mkataba wa Juni 1873 wa kufunga masoko ya watumwa. Kirk alikuwa na bustani yake Mbweni, kusini mwa mji, na akili yake nusu ilikuwa kwenye siasa, nusu kwenye mimea. Alituma ua hilo kwenye bustani ya Kew, na mwaka 1882 Joseph Hooker akalitangaza kwa jina la kumheshimu Sultani wa Zanzibar. Baadaye wataalamu waligundua kwamba Hooker mwenyewe alikuwa amekwisha kulipa jina mwaka 1868, la mmisionari Horace Waller, na kwa kanuni zao jina la kwanza ndilo linaloshinda. Sultani akapoteza ua lake kwa sababu ya tarehe.

Basi kile kitalu cha kivulini kilichoonekana cha Kizungu kabisa kilikuwa na jani la Java na ua la pwani yetu. Kilichotoka Uingereza ni kioo, makaa na amri. Miaka ya karibu koliasi na bizilizi zimetenganishwa tena: karibu mwaka 2011 ugonjwa wa ukungu uliishambulia bizilizi vibaya Uingereza na Marekani, majani yakaanguka na kuacha mashina matupu, na watu wengi wa kule wakaijaza nafasi yake kivulini kwa koliasi.

Koliasi ilitokaje Muthaiga ikafika Kiambu, Kawangware na Kikuyu? Ilitoka mfukoni. Kila ulipokatwa mche ili unenepe, ncha ilibaki mkononi, na ncha ya koliasi si takataka kwa mtu anayeijua. Baba aliifunga kwa jani la mgomba lenye maji na kuitia kwenye mfuko wa koti. Wenzake walifanya vivyo hivyo. Jumapili baada ya kanisa walibadilishana: nipe ile ya manjano, nikupe ya damu ya mzee. Waajiri wengine waliita wizi na wengine hawakujua. Kwa macho yangu, mtu anayefagia kile ambacho mwenyewe ameagizwa kukitupa hajaiba kitu.

Mwezi wa Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, wanajeshi waliuzingira mji wa Nairobi katika operesheni waliyoiita Anvil na kuwakamata wanaume wa Kikuyu kwa maelfu. Baba alipelekwa kambi ya Lang'ata kuchujwa, kisha mbali zaidi. Huko nyumbani watu waliondolewa kwenye miji yao na kukusanywa vijijini nyuma ya handaki, na maua ya mlangoni kwa babu yakaisha. Baba aliporudi na ardhi imekwisha kupimwa upya, kitu cha kwanza kilichopandwa kwenye ploti yetu hakikuwa ua la memsahibu. Mama alipanda maigoya kwenye mpaka.

Na maigoya, kwa taarifa ya wasomaji wa pwani na bara nyingine ambao huenda wanaijua kwa jina jingine, ni koliasi. Si ndugu wa mbali. Wataalamu wameipa jenasi ile ile, na Mjerumani mmoja aliwahi kuiita koliasi ya Kilimanjaro. Jani lake ni pana, la kijani kizito, laini kama mahameli, lenye harufu kali ukilisugua. Maua yake ni ya buluu. Shina lina pembe nne. Kata fimbo, ichomeke, inaota. Ukiikata juu, inatoa mbili. Ukoo wetu uliijua siri ya kukata ncha kabla ya Bause na kabla ya baba, kwa sababu uzio wa maigoya usiokatwa huacha matobo chini, na mbuzi anapita.

Kazi zake nyumbani nitazitaja kwa heshima zote. Ndizi za kuvundika zilifunikwa kwa majani yake na kuiva kwa siku chache. Maji yake yalinywewa kwa tumbo. Na katika nyumba ambazo karatasi ya chooni ilikuwa anasa, jani la maigoya lilifanya kazi hiyo vizuri kiasi kwamba wako wazee ambao mpaka leo wanaiona karatasi kuwa ni hatua ya kurudi nyuma. Huko India, miaka ya 1970, wanasayansi walitoa kwenye mizizi yake dutu iitwayo forskolini, ambayo imetumiwa sana maabara za dunia kuchunguza jinsi seli zinavyopokea habari. Jina hilo linamkumbuka Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea wa msafara wa mfalme wa Denmark, aliyefia Yemen mwaka 1763. Siku hizi mtu akijenga nyumba ya ghorofa hapa barabarani kwetu, fundi anang'oa maigoya, anajenga ukuta wa mawe, kisha mwenye nyumba anakuja kwangu kuomba kitu cha kivulini chenye majani ya kupendeza. Namuuzia koliasi. Biashara ni biashara, lakini usidhani kwamba sioni.

Wataalamu wenyewe wameizungusha mimea hii mpaka wauza maua tukachoka kubadilisha vibao. Kwa miaka mingi jina la koliasi lilifutwa, mmea ukahamishwa kwenye jenasi moja, kisha nyingine. Mwaka 2019 Alan Paton wa Kew na wenzake walichapisha kazi kubwa iliyoirudisha, wakitegemea uchunguzi wa jeni, na mimea mingi ya Afrika, maigoya ikiwa mojawapo, ikaingia rasmi chini ya jina hilo. Vibao vyangu vya zamani vikawa sahihi tena bila kuguswa.

Kitu kingine kilichobadilika ni nani mwenye ncha. Marekani ilipitisha mwaka 1930 sheria ya hataza za mimea inayozalishwa bila mbegu, yaani kwa vipandikizi na vikonyo. Kwa muda mrefu haikuigusa sana koliasi, kwa sababu ilikuwa imeshuka hadhi na kuuzwa kwa mbegu za bei rahisi, rangi mchanganyiko, zenye haraka ya kutoa maua. Miaka ya 1990 wakulima wa kusini mwa Marekani wakaanza kutoa koliasi za vipandikizi zinazostahimili jua kali na kuchelewa kuchanua. Chuo Kikuu cha Florida kikaanza kuzizalisha kwa mpango. Sasa zinakuja na kibao kinachokataza kuzizalisha bila ruhusa. Kenya nayo iliingia mwaka 1999 katika mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, na mkaguzi ana haki ya kuuliza ulichokipata umekipata wapi. Sina ugomvi na mtu aliyefanya kazi miaka kumi kupata rangi mpya kudai jasho lake. Sijui kama Bause alipata chochote. Ninachouliza ni kuhusu kidole. Mmea huu haunenepi pasipo kukatwa, kwa hiyo kibao kinamwambia mnunuzi akate kisha kinamwambia atupe alichokata. Baba angesema ndiyo memsahibu.

Ninazokuza mimi ni zile za zamani, zilizopita mfuko kwa mfuko, ambazo hakuna anayezidai. Rangi nyingine zilizaliwa hapa hapa barabarani, tawi moja likigeuka rangi ghafla na mtu mwenye jicho akalikata kabla halijajirudi. Mteja akitaka kitalu kinene kivulini, namuuliza kwanza ni kivuli cha mti gani. Chini ya mparachichi mzito jani hupoteza rangi na shina hurefuka. Chini ya mkima, au upande wa mashariki wa nyumba penye jua la asubuhi tu, inanona. Udongo uwe na mboji ya kutosha na usituamishe maji. Samadi mbichi hapana, inaleta majani makubwa ya kijani na kufuta wekundu. Ziachane kama futi moja. Mche ukifika urefu wa kiganja, finya ncha juu ya jozi ya tatu ya majani. Matawi mawili yakija, finya tena kila moja. Fanya hivyo mpaka usione udongo. Kikonyo cha maua kikitokeza, kitoe siku hiyo hiyo, maana mmea ukishaanza kuzaa mbegu unaacha kutafuta majani. Huku juu kuelekea Limuru, mwezi wa Julai baridi huzichakaza. Kata vipandikizi mwezi wa Juni, viweke ndani dirishani.

Na zile ncha ulizofinya, ondoa majani ya chini, zichomeke kwenye mkebe wa mchanga na mboji, kivulini. Jirani akija kuomba, mpe.